Dawa Saba za Kinako

Bi Tatsue Orikasa alikuwa maiti kwa siku mbili, lakini paka wake hakuwa amekosa dozi hata moja.

Inspekta Kusakabe alikuja kuligundua hilo baadaye. Asubuhi ile ya Alhamisi, alipovua viatu mlangoni na kuingia na soksi iliyotoboka kidoleni, aliona kwanza kile alichokiona kila mtu: ajuza wa miaka sabini na tisa amelala chali kwenye sakafu ya chini ya jikoni, aproni ingali kiunoni, kisogo kimegota kwenye ukingo wa kidato cha jiwe. Damu ilikuwa imekwisha kukauka. Nje ya dirisha, samoni watatu waliotiwa chumvi walining'inia chini ya paa la jirani wakipigwa na upepo wa Novemba, na harufu yao ilifika hadi ndani.

"Lini?" aliuliza Kusakabe.

Daktari wa polisi hakuinua kichwa. "Juzi. Jumanne, kati ya saa saba na saa kumi mchana. Fuvu limepasuka. Hakuteseka sana, kama hilo linakupa faraja."

"Kateleza?"

"Anayeteleza hapati hizi." Daktari akapandisha mkono wa sweta. Juu ya kiwiko palikuwa na alama za vidole zilizovilia damu, nne nyuma na moja mbele. Mkono wa pili ulikuwa vivyo hivyo. "Mtu alimshika uso kwa uso, akamtikisa. Kisha akamsukuma, au akamwachia. Hilo kamwulize mwenyewe."

"Nikimpata."

"Haya, ukimpata."

Kusakabe alitazama huku na huku bila haraka. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, tumbo la bakuli za tambi, na tabia ya kuudhi ya kutomwamini mtu aliyejibu swali upesi. Kwenye rafu ya ukutani, ng'ambo ya maiti, aliona chupa ya jamu iliyojaa sindano zilizotumika, kifuniko kimekazwa vizuri. Mlango wa karatasi kati ya jikoni na sebule ulikuwa umefungwa. Kwa nini ajuza anayepika ajifungie jikoni na moshi wake?

Aliyeikuta maiti alikuwa mpwa wa marehemu. Aliketi barazani, suti nzuri.

"Jina?"

"Yasuhiko Orikasa. Huyu ni shangazi yangu. Dada yake baba."

"Ulikuja kufanya nini?"

"Kumpeleka kwenye nyumba ya wazee. Walikuwa wanatungoja saa nne, atie saini."

"Alitaka kwenda?"

"Alikubali."

"Sikukuuliza kama alikubali."

Yasuhiko akainua uso. "Nani anayetaka, Inspekta? Wewe siku yako ikifika utataka?"

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Jumapili," akajibu Yasuhiko, upesi mno.

Kabla Kusakabe hajafungua kinywa tena, mlango wa bustani ulisukumwa. Mama mmoja mwembamba, nywele nyeupe zimebanwa vizuri, aliingia na chupa ya chai na vikombe vya karatasi. Alijitambulisha kuwa Chisato Wakui, mjane, jirani wa miaka thelathini. Wale samoni walikuwa wake.

"Poleni na kazi, wanangu. Kunyweni, baridi hii haina adabu." Akamimina. "Sipendi kumsema mtu, Inspekta. Lakini gari jeupe la huyu bwana lilikuwa hapa Jumanne. Saa sita hivi. Nilisikia sauti zimepanda."

Yasuhiko akainama mithili ya kuku aliyenyeshewa.

"Na wewe, Bi Wakui, ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Jumatatu asubuhi, kituo cha taka. Ilikuwa siku ya kutupa taka za chupa. Tukasalimiana tu. Tangu hapo sijakanyaga humu. Nilidhani amekwenda kuiangalia hiyo nyumba ya wazee."

Ndani, Sajenti Ebina akaita. "Afande! Kuna mtu chini ya kabati!"

Mtu mwenyewe alikuwa paka. Paka jike, rangi ya unga wa soya uliokaangwa, mfupa na ngozi, macho makubwa ya njano. Ebina alikuwa amelala kifudifudi sebuleni na sare yake yote, mkono chini ya kabati hadi begani.

"Njoo, mrembo. Njoo kwa shangazi."

"Ebina, hiyo ni sehemu ya tukio la mauaji."

"Na huyu ndiye shahidi pekee, Afande. Ai! Amenirarua!"

Kusakabe hakumsikia. Alikuwa anatazama ukutani. Palitundikwa kitambaa kikubwa kilichoshonewa mifuko ya plastiki, safu kwa safu, siku za wiki zikiwa juu. Mkewe alimnunulia kama hicho mwaka juzi kwa ajili ya vidonge vyake vya shinikizo la damu, naye akakigeuza pa kutilia risiti. Hiki juu yake kiliandikwa kwa kalamu nene: KINAKO. Kila siku ilikuwa na mifuko minne: asubuhi, saa mbili baadaye, jioni, saa mbili baadaye. Ndani ya mifuko mlikuwa na vipande vya vidonge na vikaratasi vya unga vilivyokunjwa kwa nidhamu.

Jumatatu, mitupu. Jumanne, mitupu yote minne. Jumatano, mitupu yote minne. Alhamisi, imejaa.

Akasimama pale mpaka Ebina akainuka.

"Afande?"

"Amekufa Jumanne kabla ya saa kumi mchana. Dawa za Jumanne jioni ziko wapi?"

Ebina akatazama mifuko. Akatazama mlango wa jikoni uliofungwa.

"Maiti haimpi paka dawa," alisema Kusakabe. "Mtu alifunga mlango huu, akamwacha bibi upande ule, akakaa upande huu kumhudumia paka. Si mara moja."

Waliona mengine mawili wasiyoyaelewa. Dirishani, saa ndogo ya jikoni ya kuhesabia muda, yenye umbo la kifaranga, imetegwa ilie baada ya saa mbili kamili. Na kwenye kona, mfuko mtupu wa karatasi, ambao mkono wa kizee uliuandika: "Kurudisha kwa daktari wa paka. Alhamisi."

*

Mkuu wa Upelelezi Igarashi hakupenda paka, wala hakupenda mambo yanayochukua muda. Kufikia saa tisa alasiri Yasuhiko alikuwa ametiwa mbaroni. Alidanganya kuhusu Jumanne. Nyumba ya shangazi ingekuwa yake. Mkewe alikuwa amekwisha kumwita mtu wa kuibomoa. Polisi walikuwa na saa arobaini na nane za kumfikisha kwa mwendesha mashtaka, yaani hadi Jumamosi alasiri.

"Kesi imekwisha," alisema Igarashi.

"Mkuu, nani aliyempa paka dawa?"

"Huyo huyo."

"Basi niruhusu nimwulize."

Katika chumba cha mahojiano Yasuhiko alionekana amezeeka kwa miaka kumi.

"Ulikwenda Jumanne."

"Nilikwenda. Niliogopa kusema. Tuligombana. Niliondoka saa saba kasoro, alikuwa hai, mzima, ananitukana."

"Alikutukana vipi?"

"Aliniita kiazi kilichooza."

"Mligombania nini?"

"Nilimwambia kule hawapokei paka. Akasema paka atakwenda kabla yake, amekwisha kupanga. Sikumwelewa."

Kusakabe akasogeza kiti. "Amepanga nini?"

"Sijui! Alisema tu, amepanga."

"Jumatano ulimpa paka dawa za asubuhi au za jioni?"

Yasuhiko akamkodolea macho. "Dawa gani? Paka anameza dawa?"

Nyuma ya kioo Igarashi alicheka kwa dharau na kusema mtu huyu ni mwigizaji hodari. Kusakabe hakucheka. Alikuwa amewasikia waongo wengi, na mwongo anapoulizwa swali asilolitarajia huwa hatoi jibu la kijinga kiasi kile. Lakini aliijua pia mahakama. Jamaa mwenye tamaa, uongo, ugomvi, alama mikononi: kiazi huyu angeweza kufungwa miaka mingi kwa kosa lisilo lake, na moyo wa Kusakabe ukamuuma.

*

Ijumaa asubuhi alikwenda na Ebina kwa daktari wa mifugo. Paka alikuwa ndani ya kapu mapajani mwa Ebina, na mikono ya Ebina ilikuwa imefungwa plasta nane.

Daktari Sugai, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimtoa Kinako kwenye kapu bila kukwaruzwa hata kidogo.

"Amekula?" aliuliza.

"Kidogo. Dawa hatukuthubutu."

"Figo zake zimekwisha, Inspekta. Miaka mitatu sasa. Figo zikichoka, kila kiungo kinadai dawa yake. Ya shinikizo la damu, ya protini inayovuja kwenye mkojo, ya potasiamu, ya kichefuchefu, ya kutia hamu ya kula. Unga wa kuchanganya na chakula ili madini yasimwelemee. Na makaa."

"Makaa gani tena?"

"Chembe nyeusi, zinanyonya sumu tumboni. Ila makaa hayana macho. Ukimpa pamoja na dawa nyingine, zinanyonywa zote, ni sawa na kuzimwaga chooni. Lazima zipite saa mbili."

Kusakabe akakumbuka kifaranga cha dirishani. Mtu alikaa kwenye nyumba yenye maiti akatega saa. Au alitoka, kisha akarudi baada ya saa mbili. Mara nne kwa siku, mchana kweupe, mtaa mzima ukiwa na macho, na hakuna aliyemwona anapita njia.

"Nani alijua utaratibu huu wote?"

"Bi Tatsue. Mimi." Daktari akamgeukia paka.

"Na nani?"

"Aliyemfundisha kushika paka na kupiga dripu chini ya ngozi alikuwa jirani yake, Bi Wakui. Yeye alikuwa na paka wake, Mugi, ugonjwa huo huo. Mugi alikufa Aprili. Lakini Inspekta, Bi Wakui ni mtu ambaye..." Akatikisa kichwa. "Kuna jambo lazima ulijue kuhusu dawa. Saba zilikwisha Jumatatu."

"Zilikwisha vipi?"

"Bi Tatsue alikuja Jumatatu jioni, saa kumi na moja, nikiwa nafunga. Alilia hapo ulipokaa. Paka huyu amelala kwapani mwake miaka kumi na sita. Sasa akisikia nyayo zake tu, mbio chini ya kabati. Kila mkono unaomjia una kidonge au sindano. Akaniambia: 'Daktari, haponi. Nataka afe akiwa bado ananipenda.' Nikaona ana haki. Tukakubaliana abaki na dawa mbili, ya shinikizo na ya kichefuchefu, na sindano basi. Nyingine angezirudisha Alhamisi."

Ebina na Kusakabe wakatazamana. Mfuko mtupu kwenye kona.

"Daktari," alisema Kusakabe polepole, "mifuko ya Alhamisi ilikuwa na dawa saba."

"Haiwezekani. Aliniambia ataziondoa usiku ule ule."

"Aliziondoa. Mtu mwingine akazirudisha." Akainuka, akaketi tena. "Kuna yeyote aliyekuja hapa Jumanne au Jumatano kuhusu paka huyu?"

"Hakuna." Daktari alifikiri. "Ila Bi Wakui alipita Jumatano alasiri. Si kwa ajili ya Kinako. Alileta sindano."

"Sindano?"

"Sindano zilizotumika hazitupwi na taka za nyumbani, mchukua taka atajichoma. Lazima zirudi kwangu. Alisema ameikuta moja ya Mugi nyuma ya droo. Alitembea nusu saa nzima kwa sindano moja, tena na ule upepo. Nilimshukuru sana."

"Unayo?"

Kopo la manjano la sindano zilizotumika halikuwa limechukuliwa bado. Daktari alivaa glavu, akaitoa kwa koleo. Ilikuwa juu kabisa, ndani ya kichupa cha plamu za chumvi, na kitako chake cha plastiki kilikuwa cha bluu. Ghafla mkono wa daktari ukasimama.

"Sema, Daktari."

"Mugi alikuwa dume la kilo saba. Nilimpa za kijani, nene. Bluu ni nyembamba." Akaketi. "Nina paka mmoja tu ninayempa za bluu."

Kinako alipiga chafya mezani.

*

Igarashi alisikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu.

"Sindano haikumshika mtu mikono. Atasema ameiokota bustanini. Mpwa ana sababu, jirani ana nini? Niletee kinywa chake, Kusakabe, au kesho kiazi chako kinakwenda kwa mwendesha mashtaka."

Ndani ya gari Ebina alikuwa na hasira. "Mtu ameua, halafu anaogopa kutupa sindano siku isiyo yake!"

"Wewe ungeitupa?"

Ebina alifikiri. "Hapana," alikiri. "Lakini mimi sijaua mtu."

"Kwa nini hakuitia kwenye chupa ya Bi Tatsue?"

"Ilikuwa jikoni. Rafu iko ng'ambo ya..." Ebina akageuka kumtazama. "Hakuweza kumruka."

"Aliweza kufunga mlango," alisema Kusakabe. "Kumruka hakuweza."

Bi Wakui alikubali bila ubishi kuvuka bustani kuja kuwasaidia. Inspekta alimwomba kwa unyenyekevu: sajenti wake amechanwachanwa, paka hajameza kitu tangu jana, na mtaani inasemekana hakuna mwenye mkono mwepesi kama wake. Alivaa aproni safi. Alipokanyaga sebuleni, hakutazama hata mara moja mlango wa jikoni.

Kinako alikuwa ndani ya kapu. Alipoisikia sauti ya Bi Wakui alirudi nyuma kabisa, akajibana kama kitambaa kilichokamuliwa.

"Maskini, ana aibu," alisema Bi Wakui. "Leteni dawa zake. Na maji ya vuguvugu."

Kusakabe alipiga magoti mbele ya meza. Kutoka mifuko ya Ijumaa alitoa kila kitu, akavipanga. Kisha akaviondoa kimoja kimoja na kuvitia kwenye mfuko wa karatasi, ule ule ulioandikwa "Kurudisha kwa daktari wa paka." Mezani vikabaki vidonge viwili vidogo.

"Hivi tu," alisema.

"Hapana, Inspekta. Ni saba."

"Daktari Sugai amesema viwili."

"Saba! Hiyo nyeusi ndiyo inayomsafisha. Bila ya potasiamu shingo yake itaanguka, hata kichwa hatainua. Mwone alivyo! Ukimnyima dripu siku tatu atakauka!"

"Ameagiza viwili, Bi Wakui. Na sindano basi."

"Mtamuua." Sauti yake ilipanda ikapasuka. "Nyote mmekuwa lugha moja! Kwanza yeye, halafu huyo daktari, sasa na serikali! Mtu hawezi tu kuamka siku moja akaamua kuacha!"

Ebina aliacha kuandika.

"Yeye nani?" aliuliza Kusakabe.

Bi Wakui akakunja pindo la aproni yake.

"Bi Tatsue alikwenda kwa daktari Jumatatu jioni, saa kumi na moja. Hakumwambia mpwa wake. Daktari hakumwambia mtu. Wewe ulinieleza kwamba ulimwona mara ya mwisho Jumatatu asubuhi, kituo cha taka, siku ya chupa. Nani alikuambia kwamba ameacha?"

Mjane alitazama vidonge viwili. Alinyoosha kidole akavisogeza vikae sawa, sambamba, kama mtu anayetandika meza.

"Ulirudisha sindano ya bluu," alisema Kusakabe kwa upole. "Mugi alikuwa wa kijani."

"Najua," alisema Bi Wakui. "Njiani nilijua. Nikasema nirudi nayo, lakini nirudi nayo niipeleke wapi? Haitupwi."

Kisha akaweka mikono yote miwili juu ya magoti na kusema, bila kulia, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mtaa.

"Nilikuja Jumanne saa nane, kumsaidia dripu, kama kila Jumanne. Nikakuta mfuko uko mlangoni, umejaa. Nikamwuliza, nini hiki? Akasema, 'Chisato, tumwache apumzike.' Alikuwa anamenya figili. Alisema hivyo huku anamenya figili!"

"Endelea."

"Unajua mume wangu alikufa na nini, Inspekta?"

"Sijui."

"Figo. Miaka minne kwenye mashine, mara tatu kwa wiki, mimi ndiye niliyemsindikiza. Siku moja akaniambia, 'Chisato, nimechoka. Tuache.' Akasema kwa upole, kama anaomba chai. Nami nikatia saini. Nilikuwa nimechoka pia, ndiyo aibu yangu. Nilitia saini upesi. Alichukua siku tisa. Siku ya saba alinishika mkono akasema kitu, sikukielewa. Miaka sita nakitafuta. Labda alisema amebadili nia."

Ebina aligeuza uso kuelekea dirishani.

"Nikamwambia Tatsue, hapana. Nitakuja mimi, mara nne kwa siku, wewe usiguse chochote, nipe mimi. Akasema, 'Ananikimbia, Chisato. Siwezi tena.' Nikamshika. Nilitaka tu anisikie. Nilimtikisa, nikamwambia, hujui, wewe hujui, ukishaacha huwezi kurudi nyuma. Akajivuta, nami nikamwachia." Alifunga macho. "Kidato kile nilikuwa namwonya kila siku."

"Hukuita gari la wagonjwa."

"Macho yalikuwa wazi. Nimemhudumia mgonjwa, Inspekta, nayajua macho." Akafungua macho. "Nilikuwa nakwenda kwenye simu. Kisha Kinako akalia chumbani. Ilikuwa saa yake ya dripu inakaribia. Nikasema, nimpe kwanza. Halafu ikawa saa ya makaa. Nikasema, nikiwaita polisi watanichukua, na nani atakayempa? Kila dozi nilisema hii ya mwisho."

"Na mpwa wake? Ulimtaja kwetu. Kesho angepelekwa kwa mwendesha mashtaka."

Hapo ndipo uso wake ulipoanguka. "Aliita mtu wa kubomoa nyumba shangazi yake akiwa hai. Nilijiambia hana hasara." Akainamisha paji la uso hadi kwenye mkeka. "Nilikosa. Huyo nimemkosea. Mwambieni."

Kusakabe alimngoja ainue kichwa. Kisha akamwambia kwa maneno rasmi kwamba yuko chini ya ulinzi kwa kusababisha kifo cha Tatsue Orikasa. Ebina akatoa pingu, akazishikilia tu.

"Naweza kumuaga kabla ya kwenda?" aliuliza Bi Wakui. "Paka."

Kusakabe akaitikia kwa kichwa. Mjane akalisogelea kapu kwa magoti, akafungua mlango, akanyoosha mkono mtupu, kiganja juu.

"Kinako. Kina-chan wangu. Sina kitu leo. Tazama, sina kitu."

Paka alitoka. Aliutazama ule mkono, masikio yamelala, akapita mbali nao kwa tumbo, akakimbia na vile vimiguu vyake vya mfupa hadi nyuma ya Kusakabe, akajisukuma katikati ya soksi zake mbili, akatetemeka huko.

Bi Wakui alibaki amenyoosha mkono. Muda mrefu hakuurudisha.

*

Yasuhiko aliachiwa Jumamosi asubuhi. Alisaini alipoonyeshwa, akauliza kama shangazi yake alisema lolote la mwisho kumhusu, na Kusakabe, aliyekuwa na jibu, aliamua kwamba kiazi kilichooza si neno la kumpa mtu aende nalo nyumbani. Paka, Yasuhiko alisema, hamwezi. Ebina alikuwa amekwisha kununua bakuli.

Jumatatu, mahojiano ya kuandika maelezo kamili yalianza. Bi Wakui alijibu kila swali kwa usahihi, saa kwa saa, dozi kwa dozi, akamsahihisha hata mwandishi alipokosea mpangilio. Hakuomba wakili wala shuka ya ziada. Walipomaliza ukurasa wa mwisho na kumpa wino akandamize kidole, alimtazama Inspekta kwa mara ya kwanza siku ile.

"Anakula?"

"Anakula. Samaki wa kuchemsha, bila chumvi."

"Dawa ngapi?"

"Mbili."

Alipokea hilo kama mtu anayepokea mzigo mikononi. Akachovya kidole kwenye wino, akakishika juu ya karatasi.

"Bado anajificha?"

Kusakabe alikuwa amejifunza kazini kwamba kuna nyakati uongo mdogo ni huruma. Kumjibu ndiyo kungempunguzia maumivu. Alimfikiria Bi Tatsue na figili yake. Jana jioni alipita kwa Ebina, akamkuta sajenti amelala juu ya mkeka na sare, hathubutu kujigeuza, na paka amejikunja kwapani mwake akikoroma.

"Hapana," alisema. "Hajifichi tena."

Bi Wakui akakandamiza kidole kwenye karatasi. Alikiacha pale; alipokiinua hatimaye, alama ilikuwa safi, mistari yote ikionekana.